Nilivyomposa Mama Mkwe

Siku kikao cha familia kilipoamua kwamba sitapika tena uji wa mama mkwe, nilicheza. Nilisubiri watu watawanyike, nikaenda nyuma ya jiko, nikashika upawa kama maikrofoni, nikacheza mpaka kilemba kikaanguka. Kuku waliacha kuchakura wakaniangalia. Nikawaambia, "Nyie endeleeni kutaga, mimi nimestaafu!"

Kabla hujanihukumu, nisikilize. Naitwa Jeannine, mke wa Gratien, wa hapa hapa Katumba. Kwa miaka ishirini na miwili nilimpikia mama yake uji wa ulezi kila asubuhi. Jua halijatoka, mimi nimeshapuliza kuni mpaka machozi yananitiririka. Masika, kiangazi, msimu wa tumbaku, Krismasi, nilisamehewa siku za kujifungua tu. Na kila nilipompelekea kikombe chake cha bati, mama mkwe wangu Rozalia alionja, akalamba midomo, akatazama mbali kama hakimu, kisha akatoa hukumu.

"Una madonge."

Au, "Unanuka moshi." Au, "Umepoa, umepitia Kigoma kwanza?" Hukumu zilikuwa hizo tatu na zilipokezana vizuri kuliko walinzi wa benki. Hakuwahi kusema mzuri hata siku moja.

Mimi hasira zangu ziko karibu, Katumba nzima inajua. Nilikuwa nakwenda na kikombe nikitabasamu na kurudi nacho nikiongea peke yangu. Kwa hiyo shemeji yangu Jean Bosco alipomaliza nyumba yake kule Mpanda mjini, mtaa wa Makanyagio, akaja kusema anataka mama akakae naye, moyo wangu ulishaanza kupiga makofi. Alinigeukia mbele ya kikao chote. "Shemeji, wewe ndiye umemtunza. Unasemaje?"

Adabu ilinitaka niseme, "Mama ni wetu sote, tujadiliane." Mimi nikasema, "Mchukueni. Mimi nimechoka."

Gratien alikohoa. Wazee walitazama miguu yao. Mama Rozalia alikuwa anatazama mikono yake tu. Kesho yake alipanda gari la Jean Bosco, akakaa mbele na kibegi mapajani. Kitanda chake na sanduku lake vikabaki, vifuatwe baadaye.

Wiki ya kwanza nililala mpaka jua likaingia dirishani. Nilinenepa, nadhani. Nilimwambia kila mtu kisimani kwamba sasa najua kwa nini matajiri wana ngozi nzuri.

Wiki ya pili mwili ulinigeuka. Saa kumi na moja alfajiri macho yalifunguka yenyewe. Nikasema nilale, yakakataa. Nikaona bora nikae jikoni. Kukaa jikoni bila moto ni upuuzi, nikawasha moto. Moto mtupu ni uharibifu wa kuni, nikainjika maji. Na maji yakichemka mbele ya mwanamke kama mimi, mkono unatafuta unga wenyewe. Kufumba na kufumbua nimebeba kikombe cha bati, naita mlangoni kwa mama mkwe, "Mabukwe, uji huu hapa." Mabukwe ndivyo tunavyowaita mama wakwe kwa Kirundi.

Nikasukuma mlango. Ndani kulikuwa na marobota ya tumbaku. Gratien alikuwa ameyahamishia humo yasubiri soko, yamepangwa kitandani na chini mpaka karibu na dari. Nikasimama mbele ya tumbaku na kikombe changu, na tumbaku haikusema kitu.

Nikaunywa uji mwenyewe. Hapo ndipo nilipogundua jambo la aibu: katika miaka ishirini na miwili sikuwahi kuuonja. Mimi ni mtu wa chai. Nikameza funda la kwanza, la pili, nikasimama na kutafuna. Ulikuwa na madonge. Madonge ya kweli, ya ukubwa wa harage.

Nilicheka peke yangu kama mwehu, kisha kicheko kikaisha na nikajikuta nina huzuni. Sababu niliijua. Gratien ni mume mwema, lakini hafungui mdomo mpaka saa nne. Ukimwongelesha kabla ya hapo anakutazama kama umemkanyaga. Claude, kifungua mimba wangu, anasoma Dodoma. Mdogo wake Aline ameolewa Kigoma. Neno la kwanza nililosikia kila siku ya ndoa yangu lilikuwa lile la madonge. Sasa jua lilikuwa linatoka na hakuna mtu duniani anayeningoja.

Nikampigia simu Dina, mke wa Jean Bosco. Akampa mama simu.

"Mabukwe, unakula vizuri?"

"Ninakula vizuri sana."

"Na uji je?"

"Uji mzuri. Kila kitu kizuri, mwanangu. Asante."

Nilikata simu. Nilimkimbilia Gratien shambani. Ilikuwa saa mbili na nusu, lakini sikujali.

"Mama yako anaumwa!"

"Amesema anaumwa?"

"Amesema uji mzuri! Ameniambia asante!"

Gratien aliweka jembe chini. Nilitegemea anicheke. Badala yake akasema, "Umesahau alichokuambia wakati unaolewa?"

Sikuwa nimesahau, nilikuwa nimekiweka tu mahali nisipokiona. Nilipofika kwenye nyumba hii nikiwa bibi arusi, nilisifu kila kitu kwa mwezi mzima. Maharage matamu, maji ya baridi, kitanda kizuri. Mama Rozalia aliniweka chini akaniambia, "Mgeni hanung'uniki, mwanangu. Mimi nimekuwa mgeni. Nilifika Katumba nikiwa msichana, tumekimbia vita Burundi, sufuria kichwani, na kwa miaka nilisema asante kwa kila kitu, hata kwa kilichoniumiza. Siku utakayoninung'unikia, ndiyo siku utakuwa umefika kwako."

Na sasa amerudi kusema asante. Akiwa na karibu miaka sabini, kwa mtoto wake mwenyewe, amerudi kuwa mgeni, na aliyempeleka huko ni mimi kwa mdomo wangu.

"Jean Bosco anakuja Jumamosi kuchukua kitanda," Gratien alisema. "Ameazima gari kubwa."

Kitanda! Kwetu mtu anaweza kusafiri mwaka mzima na bado akawa wa nyumba, ilimradi kitanda chake kipo. Kitanda kikitoka, mtu ametoka. Ile ilikuwa Alhamisi.

Pengine unauliza kwa nini sikupiga simu kusema, "Shemeji, nimebadili mawazo." Ungekuwa wa kwetu usingeuliza. Neno lililotoka kwenye kikao halirudishwi kwa mdomo mtupu. Aliyelisema analifuata kwa miguu yake, na mkononi ana kinywaji. Wazee walikwenda na mtungi wa pombe ya ndizi. Sisi tuliookoka tunakwenda na kreti ya soda. Inatua katikati ya watu, na hakuna anayegusa chupa mpaka shida isemwe na ikubaliwe. Wakinywa, umesamehewa. Wasipokunywa, unabeba kreti yako unarudi nayo, na kila mtu njiani anaziona chupa zimejaa na anajua.

Jumamosi alfajiri nilipuliza moto kwa furaha ambayo sikuwahi kuwa nayo. Nilikoroga uji, nikaumimina kwenye chupa ya chai, nikavaa kitenge cha kanisani. Gratien alikuwa amekaa kibarazani bila neno, kama kawaida yake. Nje alikuwa ananingoja Mabula, dereva bodaboda, Msukuma mwenye tumbo la heshima na watoto watano.

Mabula alitazama kreti. "Mama Claude, neno kubwa hivi kwetu linakwenda na ng'ombe. Nyie watu wa tumbaku mnakwenda na soda?"

"Ng'ombe wako atapanda bodaboda?"

"Atapanda ukimwomba vizuri."

Akaifunga kreti nyuma kwa mpira, mimi nikakaa katikati nimebanwa na soda nyuma na mgongo wa Mabula mbele, ile chupa ya uji nimeifunika kwa khanga kifuani isipoe. Barabara ilikuwa na vumbi na mashimo, na kila shimo soda zilipiga kelele. Nilikuwa nacheka. Sijui nilichokuwa nacheka, labda ni hofu, lakini nilicheka mpaka Mabula naye akaanza, na pikipiki ikayumba.

Aliposimama kuongeza mafuta, mama mmoja muuza karanga alinisogelea akaitazama khanga kifuani. "Hongera, mama. Mtoto ana umri gani?"

"Ana saa moja na nusu," nikamjibu.

Nilimwacha amesimama mdomo wazi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Makanyagio tulimkuta Jean Bosco yuko nje ya geti, gari kubwa limewashwa, kamba ya kufungia kitanda iko mkononi. Dakika tano zaidi tungepishana njiani. Dina alikuwa anataka kufunga geti nyuma yake. Kule barazani, kwenye kiti chenye mto, alikaa mama Rozalia na sweta jipya la bluu, miguu imebanwa pamoja, mikono mapajani. Alikaa kama anayesubiri kuitwa na daktari.

Njia nzima nilikuwa nimetunga hotuba. Nilipomwona, hotuba yote ikayeyuka. Nilisimama na vumbi langu usoni, nimekumbatia chupa.

Jean Bosco alitazama kreti, akanitazama, akatazama kreti tena. "Shemeji? Kuna nini? Nani amekufa?"

Nikabaki nimekodoa macho. Mabula ndiye aliyeniokoa, au aliyenimaliza, mpaka leo sijaamua. Alivua kofia, akaishika kifuani, akasema kwa sauti ya kuhutubia, "Hodi hapa! Tumekuja kuposa!"

"Kuposa nani?" Dina aliuliza. "Nyumba hii haina binti."

Mabula akanyoosha kidole barazani. "Yule pale mwenye sweta."

Dina alicheka mpaka akaning'inia kwenye geti. Majirani walichungulia juu ya ukuta. Jean Bosco alijitahidi kukunja uso, mdomo ukamsaliti pembeni. Alizima gari, akaitupa kamba kwenye kiti, akasema kwa sauti ya baba wa bibi arusi, "Sisi hatutoi binti kwa mtu wa barabarani. Mna mshenga?"

"Mshenga ni mimi," alisema Mabula. "Na nina kiu."

Tukaingia. Kreti ikatua katikati ya baraza. Hakuna aliyeigusa, hata Mabula aliyekuwa anaitazama kama mtu anavyotazama nyumbani kutoka mbali. Kicheko kikaanza kutulia, na nikajua sasa ni zamu yangu na mzaha hautanivusha.

"Shemeji," nikasema, "kwenye kikao nilisema nimechoka. Nilikuwa nimechoka kweli, sikudanganya. Lakini nilidhani mzigo ni uji. Uji umeondoka na mimi nimezidi kuchoka. Naamka alfajiri sina wa kumwamkia. Nimekuja kulifuata neno langu. Naomba mnirudishie mama."

Jean Bosco alimgeukia mama yake, kama binti anavyoulizwa siku ya posa. "Mama, huyu aliyekuja, unamfahamu?"

Mama Rozalia alinitazama. "Ninamfahamu," alisema. "Ndiye aliyesema nichukuliwe, kama gunia."

Wote barazani wakaangalia chini. Hata majirani ukutani waliinamisha vichwa. Nilipiga magoti na kitenge changu cha kanisani kwenye sakafu.

"Nisamehe, Mabukwe. Ni kweli nilisema hivyo."

Alitazama mikono yake, vile vile kama siku ile ya kikao. Dina, ambaye namheshimu tangu siku hiyo, alisema taratibu, "Dada, mimi nampikia uji wa lishe, wa maziwa na karanga, sijabakiza kitu. Kila siku ananiambia asante, mzuri. Nikimuuliza anapenda nini, anasema chochote. Wiki mbili sasa, sijui hata kama anapenda sukari."

"Hapendi," nikasema. "Sukari inamwasha koo. Anaweka chumvi kidogo."

Mama Rozalia aliinua macho. "Hicho ulichokikumbatia ni nini?"

"Ni uji, Mabukwe."

"Kutoka Katumba?"

"Kutoka Katumba."

"Lete."

Nilikuwa nimesahau kikombe cha bati, kwa hiyo nikammiminia kwenye kifuniko cha chupa. Niliharakisha, uji ukamwagika kidogo kwenye sweta jipya. Akaonja. Akalamba midomo. Akatazama mbali, juu ya geti, juu ya gari kubwa, mbali kabisa.

"Una madonge," alisema.

Jean Bosco aliinamisha kichwa. Masikini, alidhani tumekataliwa. Mabula aliitazama kreti kwa uchungu.

Mimi nilipiga kigelegele. Kilinitoka kabla sijakipa ruhusa, kirefu, mpaka mbwa wa jirani akabweka.

"Na umepoa," mama akaongeza akinyanyua sauti ili anishinde. "Na unanuka moshi. Umeupikia kwenye bani la kukaushia tumbaku?"

"Yote matatu!" nilimpigia kelele Dina, nikimshika mabega. "Umesikia? Yote matatu siku moja! Hajawahi!" Nilikuwa nalia na kucheka, pua inavuja, sijali. Dina naye alianza kulia bila kujua analilia nini.

Jean Bosco alikuwa bado hajaelewa. "Mama, kwa hiyo soda tunywe, au tusinywe?"

"Ngoja." Mama aliniinulia kidole, na kicheko kikanikauka. "Ukichoka tena, na utachoka, uniambie mimi. Nung'unika kwangu, jikoni, kama mimi ninavyokunung'unikia wewe. Usikipelekee kikao. Umesikia, Mama Claude?"

"Nimesikia, Mabukwe."

"Utaninung'unikia?"

"Kila siku."

"Basi fungueni."

Mabula hakusubiri kuambiwa mara mbili. Lakini soda ilikuwa imetikiswa kwa kila shimo kutoka Katumba mpaka Mpanda. Aling'oa kizibo, chupa ikafoka mpaka dari, ikamrudia yeye usoni, tumboni, kwenye kofia. Ya pili ikamlowesha Jean Bosco. Mama Rozalia alikaa katikati ya mvua ile ya soda ya machungwa na sweta lake la bluu, na kwa mara ya kwanza nilimwona ameachanisha miguu na kujiegemeza kwenye kiti. "Mnamwaga soda ya watu," alilalamika, na sauti yake ilikuwa imeshafika nyumbani.

Lile gari kubwa lilikuja Katumba kweli, lakini nyuma hakikufungwa kitu. Lilimleta mama tu, mbele, na kibegi mapajani. Alimwahidi Dina kwamba atakuja Krismasi, kwa siku tano, na siku hizo atasema asante kwa kila kitu.

Tulimkuta Gratien amelowa jasho, anatoa robota la mwisho chumbani. Alikuwa ameanza kuyatoa pale pale aliponiona naondoka na kreti, ila kwa sababu saa nne ilikuwa haijafika hakuona sababu ya kusema. Mama alisimama mlangoni akanusa. "Chumba changu kinanuka tumbaku. Nani aliiweka humu?"

Mume wangu wa ndoa, baba wa watoto wangu, alininyooshea kidole mimi.

Kesho yake niliamka saa kumi na moja. Kulikuwa na baridi na kuni zilikuwa mbichi. Moshi uliniingia machoni, nikautukana. Nilichunga unga mara mbili, nikakoroga mpaka bega likauma, na nilinung'unika kwa sauti, kila neno, kama nilivyoahidi. Uji ukaiva. Nikausafisha mdomo wa kikombe cha bati kwa pembe ya khanga, nikamimina.

Nikawa tayari kabisa kuupeleka, mguu mmoja uko nje ya jiko. Ndipo nikasikia kitanda kikilia upande wa pili wa ukuta, halafu kikohozi, halafu ile sauti.

"Mama Claude! Uji uko wapi?"

Nilirudisha mguu ndani. Nikasimama kimya na kikombe cha moto mikononi, nikajizuia kucheka, ili aniite mara ya pili.